Hidrojeni si metali, basi inafanya nini juu ya lithiamu?

Mpwa wangu yuko kidato cha pili. Majuzi alinitumia kwa WhatsApp picha ya jaribio lake la kemia. Swali la nne lilitaka wataje metali tatu za kundi la kwanza, naye akaandika sodiamu, potasiamu na hidrojeni. Akapewa mbili kati ya tatu. "Shikamoo mjomba," aliandika chini ya picha. "Jedwali la elementi limebandikwa ukutani darasani, na hidrojeni iko palepale kundi la kwanza, tena juu kabisa. Nimekosa nini?"

Nilianza kumjibu kwa sentensi moja, nikaifuta. Nikaandika nyingine, nayo nikaifuta. Jibu fupi lipo: hidrojeni si metali. Lakini jibu hilo halimtendei haki, maana mtoto hakusoma vibaya. Alilisoma jedwali kama lilivyo, na jedwali ndilo lililomponza.

Wala si yeye peke yake. Tangu Kenya izindue mkakati wake wa hidrojeni ya kijani mwezi Septemba 2023, wakati wa mkutano wa Afrika wa tabianchi uliofanyika Nairobi, neno hidrojeni limetoka maabara likaingia kijiweni. Huko kijiweni nimesikia kwamba ni gesi yenye rangi ya kijani, kwamba karibuni magari yatajazwa maji badala ya petroli, na kwamba kiwanda chake kikijengwa karibu na nyumba yako umejengewa bomu. Nitayafikia hayo. Kwanza twende kwenye kile chumba cha juu kushoto cha jedwali, ambacho mpangaji wake hafanani na jirani yeyote.

Jedwali ni kalenda

Elementi ni kitu kisichoweza kugawanywa kwa njia za kikemia kikawa vitu vingine viwili. Dhahabu ni elementi, maji si elementi. Mpaka leo zinajulikana elementi 118. Chembe ndogo kabisa ya elementi inayobaki kuwa elementi hiyo ni atomi. Katikati ya atomi kuna kiini chenye protoni, ambazo zina chaji chanya, na mara nyingi pia nyutroni, zisizo na chaji. Nje ya kiini kuna elektroni zenye chaji hasi.

Idadi ya protoni ndiyo namba ya kitambulisho cha atomi. Hidrojeni ina protoni 1, heliamu 2, lithiamu 3, na kuendelea hivyo bila kuruka namba. Ukibadilisha idadi ya protoni umebadilisha elementi yenyewe. Mwaka 1913 Mwingereza kijana, Henry Moseley, alionyesha kwa majaribio ya mionzi ya eksirei kwamba namba hii ndiyo msingi halisi wa mpangilio. Miaka miwili baadaye aliuawa vitani Gallipoli, akiwa na miaka 27.

Kabla yake, mwaka 1869, Mrusi Dmitri Mendeleev alikuwa na elementi 63 tu mkononi, na alizipanga kwa uzito. Ujanja wake haukuwa kuzipanga kwa mstari, kwa kuwa kupanga kwa mstari anaweza yeyote. Aligundua kwamba kila baada ya hatua fulani tabia hujirudia. Hapo ndipo inafaa kuifikiria kalenda ya ukutani. Tarehe zinakwenda mlalo, moja, mbili, tatu, lakini ukishuka wima unakuta Ijumaa chini ya Ijumaa. Tarehe 5 na tarehe 12 ziko mbali kwa hesabu, ila zote mbili watu wanakwenda kuswali msikitini. Jedwali la elementi liko hivyohivyo. Namba zinakwenda mlalo, na tabia zinashuka wima. Safu hizo za wima ndizo tunaziita makundi, na katika jedwali la leo yako 18.

Sasa fikiria kalenda ya ajabu ambayo wiki yake ya kwanza ina siku mbili tu, wiki ya pili na ya tatu zina siku nane nane, na mbili zinazofuata zina kumi na nane. Hizo siku mbili za wiki ya kwanza utaziandika chini ya majina gani? Siku ya kwanza utaiweka mwanzoni, chini ya Jumatatu? Au mwishoni, ipakane na ya pili? Hakuna wiki nyingine iliyo fupi kama hiyo ya kukuongoza. Tatizo la hidrojeni lote ni hilo. Haikukosea njia yenyewe, imezaliwa katika wiki ya siku mbili.

Kipande kimoja cha kanga

Kwa nini siku mbili? Kwa sababu elektroni hazikai ovyo. Zimepangwa katika maganda kukizunguka kiini, na kila ganda lina nafasi zake. Ganda la kwanza, lililo karibu kabisa na kiini, linachukua elektroni 2 basi. La pili linachukua 8. Atomi hutulia ganda lake la nje linapojaa, na karibu kemia yote ni habari za atomi zinazotafuta utulivu huo kwa kutoa elektroni, kuchukua, au kushirikiana.

Ganda la kwanza ni kama doti ya kanga. Kanga huuzwa doti, vipande viwili, na mwenye kipande kimoja ana kanga isiyokamilika. Heliamu ina doti yake nzima. Haina haja na mtu, ndiyo maana haiungani na chochote kwa hali ya kawaida. Hidrojeni ina kipande kimoja.

Mwenye kipande kimoja ana njia tatu. Anaweza kumpa mtu akabaki bila kitu. Anaweza kutafuta cha pili ili doti itimie. Au anaweza kukutana na mwenzake mwenye kipande kimoja, wakaviweka pamoja, wakavitumia wote wawili. Hidrojeni hufanya yote matatu, inategemea imekutana na nani. Wakemia wanapobishana iwekwe wapi kwenye jedwali, kila upande unashika mojawapo ya njia hizo na kusema hii ndiyo hidrojeni yenyewe.

Anayetoa: hoja ya kundi la kwanza

Chini ya hidrojeni kwenye jedwali la darasani kuna lithiamu, sodiamu, potasiamu, rubidiamu, sizi na fransi. Hizi ndizo metali alikali. Ni laini, sodiamu unaikata kwa kisu cha mezani, na ukiitupa majini hukimbia huku na huko juu ya maji ikitoa gesi, na mara nyingine hulipuka. Kila mojawapo ina elektroni moja katika ganda lake la nje. Hidrojeni nayo ina elektroni moja. Kwa hiyo wamewekwa pamoja, na sababu ni hiyo basi.

Lakini tazama hali zao. Lithiamu ina elektroni 3. Mbili ni doti iliyokunjwa sandukuni, ganda la ndani lililojaa, na moja imebaki nje peke yake, mbali na kiini, tena lile sanduku limekaa katikati likiupunguza mvuto wa kiini. Kipande cha namna hiyo hutoka kwa urahisi. Hidrojeni haina sanduku. Elektroni yake moja imekodoleana macho na kiini bila kitu chochote kati yao.

Tofauti hiyo hupimika. Kuing'oa elektroni ya nje kutoka atomi za sodiamu kunahitaji nishati ya kilojuli 496 kwa moli (moli ni hesabu ya jumla ya wakemia, kama dazeni, ila kubwa mno). Lithiamu inahitaji 520. Hidrojeni inahitaji 1,312. Oksijeni inahitaji 1,314, yaani karibu sawasawa na hidrojeni, na sijawahi kumsikia mtu akiiita oksijeni metali.

Linganisha pia chumvi na kloridi ya hidrojeni. Chumvi ya mezani ni sodiamu na klorini, moja kwa moja. Kloridi ya hidrojeni ni hidrojeni na klorini, moja kwa moja. Kwenye karatasi ni ndugu. Katika chumvi, sodiamu imeitoa kabisa elektroni yake, klorini imeipokea, na matokeo ni fuwele ngumu ambazo huyeyuka kwa joto la nyuzi 801 za Selsiasi. Katika kloridi ya hidrojeni, hidrojeni haikutoa. Imeshirikiana tu, huku klorini ikivutia zaidi upande wake, na matokeo ni gesi, ambayo haiwi kimiminika mpaka uipoze chini ya nyuzi 85 za hasi. Ndugu gani hao?

Kuna wakati inatoa kweli, nayo inapotoa hufanya jambo ambalo elementi nyingine hazifanyi katika kemia ya kawaida. Sodiamu ikitoa elektroni moja inabaki na kumi, bado ina mavazi. Hidrojeni ikitoa yake haibakiwi na elektroni hata moja. Kilichobaki ni protoni tupu, kiini kilicho uchi. Na kiini ni kidogo kupita kiasi. Kama atomi ya hidrojeni ingekuwa na upana wa uwanja wa mpira, kiini chake kingekuwa punje ya ulezi iliyoangushwa katikati ya uwanja. Kitu kidogo hivyo chenye chaji nzima hakiwezi kuzurura peke yake ndani ya maji. Mara moja hujibandika kwenye molekuli ya maji. Uchachu unaoufanya uso ukunjamane unapolamba ndimu au ukwaju ni kazi ya protoni hizo zinazohama kutoka molekuli moja kwenda nyingine. Ioni za sodiamu, yaani atomi zake zilizokwisha kutoa elektroni, hazifanyi hivyo. Hata inapofanana na kundi la kwanza, yaani inapotoa, bado haifanani nalo.

Anayepokea, na anayeshirikiana

Upande wa pili wa jedwali, kundi la 17, wanakaa halojeni: florini, klorini, bromini, aidini na wenzao. Hawa wamepungukiwa elektroni moja ili ganda lao lijae. Hidrojeni nayo imepungukiwa moja. Klorini ni gesi ya atomi mbilimbili, hidrojeni ni gesi ya atomi mbilimbili. Klorini si metali, wala hidrojeni si metali. Mtu akiniambia hidrojeni ihamie huku, kwa sura ya nje simlaumu.

Tena inapokutana na mtoaji mkubwa, hidrojeni hupokea kweli. Sodiamu na hidrojeni zikipashwa moto pamoja huunda hidridi ya sodiamu, na humo hidrojeni ndiyo yenye chaji hasi, imekaa mahali ambapo klorini hukaa katika chumvi. Mwaka 1920 mkemia wa Ujerumani, Kurt Moers, alipitisha umeme katika hidridi ya lithiamu iliyoyeyushwa, na hidrojeni ikatokea kwenye ncha chanya, kama klorini ingefanya. Wanaofundishwa shuleni kwamba hidrojeni hutokea siku zote ncha hasi wanafundishwa habari za majini tu.

Ila tamaa yake ya kupokea ni ndogo. Klorini ikipata elektroni ya ziada hutoa nishati ya kilojuli 349 kwa moli, hidrojeni hutoa 73. Na hiyo hidrojeni yenye chaji hasi haivumilii maji hata kidogo. Ukiidondoshea tone, gesi inafoka. Ioni ya kloridi kwa upande wake inaogelea baharini tangu enzi na haijapata matatizo. Kwa hiyo kundi la 17 nalo ni nguo ya kuazima.

Njia ya tatu ndiyo hidrojeni inayoipenda, kama naruhusiwa kusema atomi inapenda. Kushirikiana. Ganda lake limejaa nusu, moja kati ya mbili, na yupo mwingine mwenye ganda lililojaa nusu: kaboni, nne kati ya nane. Wawili hawa huvutana na elektroni kwa nguvu zinazokaribiana. Katika kipimo cha Pauling cha mvuto huo hidrojeni ina 2.20 na kaboni 2.55, wakati lithiamu ina 0.98 na florini 3.98. Basi wakishikana, hakuna anayemnyang'anya mwenzake, na muungano wao hudumu. Mafuta ya kupikia, petroli, sukari, pamba ya shati lako, na mtungi wa gesi jikoni vyote vimejengwa kwa mshikamano huo. Katika propani, mojawapo ya gesi kuu za mtungini, kila atomi 3 za kaboni zimebeba 8 za hidrojeni. Kwa idadi ya atomi, mpishi wa gesi anapika kwa hidrojeni zaidi kuliko kwa kaboni, na hajui.

Mwaka 2003 Mmarekani Marshall Cronyn alipendekeza hidrojeni iwekwe juu ya kaboni. Mwaka huohuo Peter Atkins na Herbert Kaesz wakapendekeza isiwekwe chini ya kundi lolote, ielee peke yake juu ya jedwali. Eric Scerri, ambaye ameandika sana juu ya historia ya jedwali hili, hakukubaliana nao. Kwake elementi zote lazima zitii utaratibu, na kuiacha hidrojeni ielee ni kuikwepa kazi. Alitetea kundi la 17 kwa hesabu ambayo unaweza kuifanya hapo ulipo. Chukua hidrojeni 1, florini 9, klorini 17. Jumlisha wa kwanza na wa tatu, gawa kwa mbili, unapata 9, yule wa katikati kamili. Jaribu na kundi la kwanza: hidrojeni 1, lithiamu 3, sodiamu 11. Nusu ya 12 ni 6, na lithiamu si 6.

Ni hesabu tamu, nakiri. Mimi hainishawishi. Inatuambia kwamba wiki mbili zinazofuata zina siku nane nane, jambo ambalo tayari tunalijua, haituambii siku ya kwanza ina tabia gani. Shirika la kimataifa la wakemia, IUPAC, katika jedwali lake limeiacha hidrojeni juu ya lithiamu, lakini linapofafanua metali alikali linataja lithiamu mpaka fransi, hidrojeni haimo. Yaani ina chumba katika nyumba ile, ila jina lake halimo katika ukoo. Mpwa wangu alikosa alama moja kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba hivyo ni vitu viwili.

Isipokuwa ukiibana

Hapa nilisita kumwandikia, nikijua nitamchanganya. Hidrojeni inaweza kuwa metali.

Metali ni nini? Ni mkusanyiko wa atomi ambazo elektroni zake za nje hazina mwenyewe tena. Zinazunguka kati ya wote kama fedha za upatu, na kwa kuwa zinakwenda zitakako, umeme hupita. Mwaka 1935 Eugene Wigner na Hillard Huntington walikokotoa kwamba ukiigandisha hidrojeni na kuigandamiza vya kutosha, atomi zitasongamana mpaka elektroni zisiwe za mtu. Walikadiria mgandamizo wa mara 250,000 ya ule wa hewa inayotuzunguka. Walikadiria kidogo mno. Mwaka 1996 watafiti wa maabara ya Livermore huko California waliipiga hidrojeni kimiminika kwa mshindo wa ghafla, na kwa mgandamizo wa kama mara milioni 1.4 ya hewa, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, ikapitisha umeme kama metali. Kuipata ikiwa mango ni kazi ngumu zaidi. Mwaka 2017 watafiti wa Harvard walitangaza wameifikia kwa kuibana kati ya ncha mbili za almasi. Almasi ikavunjika, sampuli ikapotea, na wenzao wengi hawakuridhika.

Ila hatuhitaji almasi kuamini kwamba ipo. Usiku ambao Mshtarii inaonekana, ile nyota nyeupe isiyometameta, unatazama sayari ambayo sehemu kubwa ya tumbo lake inaaminika kuwa hidrojeni iliyobanwa kwa uzito wake yenyewe mpaka ikawa metali kimiminika. Mwendo wa umeme humo ndio unaotajwa kuwa chanzo cha uga wa sumaku wa Mshtarii, ulio mkubwa kuliko wa sayari nyingine yoyote inayolizunguka jua. Kwa hiyo jibu la mtihani ni kwamba hidrojeni si metali, kwa hali ya joto na mgandamizo wa darasani Morogoro.

Kurudi kijiweni

Gari la maji. Jina hidrojeni lilitolewa na Mfaransa Antoine Lavoisier kutokana na Kigiriki, na maana yake ni mzaa maji. Miaka kama ishirini nyuma, mwaka 1766, Mwingereza Henry Cavendish alikuwa ameieleza gesi hiyo kama hewa inayoshika moto, na baadaye ikaonekana kwamba ikiungua inatoa maji. Shika neno hilo: ikiungua. Maji ni majivu ya hidrojeni. Ndoo ya lita 20 ina kilo 2 na zaidi kidogo za hidrojeni, ni kweli kabisa, lakini imekwisha kuungua. Anayedai ameunda gari linalokwenda kwa maji matupu anadai amewasha jiko kwa majivu. Unaweza kuyarudisha majivu hayo kuwa kuni kwa kupitisha umeme katika maji, ila unalipa. Kupata kilo moja ya hidrojeni kwa njia hiyo kunatumia uniti 50 hivi za umeme, na kilo hiyo ikichomwa inarudisha kati ya 33 na 39. Tofauti imepotea njiani kama joto. Hidrojeni, basi, ni mtungi wa kubebea nishati iliyotoka kwingine.

Huko kwingine ndiko kunakoleta rangi. Gesi yenyewe haina rangi, haina harufu. Umeme ukitoka kwenye jua, upepo au mvuke wa ardhini kama ule wa Olkaria, hidrojeni inaitwa ya kijani. Ikitengenezwa kutokana na gesi asilia na hewa ya ukaa ikaachwa iende zake, ni ya kijivu. Hewa hiyo ikikamatwa na kuhifadhiwa, ni ya buluu. Ukipewa mitungi mitatu huwezi kujua ipi ni ipi, ni majina ya asili ya kitu, kama mtu anavyosema mchele wa Kyela. Kenya inaitazama zaidi kwa ajili ya mbolea, maana hidrojeni ikiunganishwa na naitrojeni ya hewani unapata amonia, na mbolea ya naitrojeni kwa sasa inaagizwa kutoka nje.

Na bomu. Hapa jina limeiharibia sifa. Bomu la hidrojeni halichomi hidrojeni. Linaunganisha viini, kwa kutumia aina zake nzito. Hidrojeni ya kawaida kiini chake ni protoni peke yake. Deteri, aliyoigundua Harold Urey mwaka 1931, ina protoni na nyutroni moja. Triti ina nyutroni mbili. Elementi nyingi zina aina nzito na nyepesi za namna hii, lakini tofauti yao ni ndogo mno kiasi kwamba hakuna anayejisumbua kuzipa majina. Kwa hidrojeni, kuongeza nyutroni moja ni kuongeza uzito mara mbili. Barafu iliyotengenezwa kwa maji ya deteri huzama katika glasi ya maji ya kawaida. Ili viini hivyo viungane panatakiwa joto la mamilioni ya nyuzi, na katika bomu hilo huletwa na bomu jingine la nyuklia linalotangulia kulipuka. Mtungi wa hidrojeni uliopasuka hauwezi kufika huko hata ukipenda.

Unachoweza kufanya ni kuungua, na kuungua vibaya. Tarehe 6 Mei 1937 ndege-puto ya Kijerumani Hindenburg, iliyojazwa hidrojeni, iliteketea ikitua Lakehurst, Marekani, na watu 36 wakafa. Hidrojeni hushika moto ikiwa kidogo au nyingi hewani, cheche ndogo inatosha, na mwali wake mchana hauonekani vizuri. Inapovuja nje hupaa upesi, tofauti na gesi ya mtungi wa jikoni inayotambaa sakafuni. Mahali palipofungwa ni hatari. Ni hatari ya moto, na moto tunaujua.

Haya yote nilimtumia mpwa wangu kwa ujumbe wa sauti, sita mfululizo, kwa kuwa kuandika kumenishinda. Jioni alinirudishia picha ya lile jedwali la ukutani. Chumba cha hidrojeni kimepakwa njano, wengine wote wa safu ile ni wekundu, na chini kabisa, kwa herufi ndogo zilizofifia, kuna maelezo ya rangi: nyekundu ni metali alikali, njano si metali. Lilikuwapo pale muda wote.

Halafu akauliza: "Sasa mjomba, heliamu ina elektroni mbili nje. Magnesiamu nayo ina mbili. Mbona magnesiamu iko kundi la pili, na heliamu wameipeleka mwisho kabisa, kundi la 18?"

Nikamjibu kwamba heliamu ina doti kamili, hivyo tabia yake ni ya gesi adimu, zile zisizotaka kuungana na mtu, basi wakaifuata tabia wakaiacha hesabu.

"Na hidrojeni wakafuata hesabu wakaiacha tabia?"

Ndiyo, nikamwandikia. Wiki ileile, siku mbili tu, na kila moja wameipanga kwa kanuni yake.